Wikiendi ya Watoto Uluguru



Watoto wengi wa Dar es Salaam wanakijua kijiji kupitia msiba. Simu inaita usiku wa manane, wakubwa wanalia, gari linakodiwa, na kabla hakujapambazuka mtoto anajikuta amebanwa kiti cha nyuma kati ya masufuria na shangazi yake. Akifika anaambiwa akae kimya. Haruhusiwi kukimbia wala kucheka, na hana mtu wa kumweleza ule mti ni mti gani na yule ndege anayelia anaitwaje. Siku ya tatu anarudi mjini. Akifanya hivyo mara kadhaa utotoni, shamba kwake linakuwa mahali pa vilio, mbu na choo cha shimo. Baadaye, akiwa kijana, tunamshangaa kwamba hataki kwenda kwao. Mimi simshangai. Tulimwonyesha upande mmoja wa kijiji na upande wenyewe ulikuwa ule mzito.

Wako wanaobahatika kwenda kwa bibi na babu kila Krismasi au kila Idi, na hao wana heri yao. Lakini familia nyingi za mjini leo hazina hata huko pa kwenda. Wazee wamefariki, nyumba imeanguka, au baba na mama wenyewe wamezaliwa Kariakoo na Temeke na hawana kijiji cha kusimulia. Kwa watoto wa nyumba hizo, shamba lisipopangwa halitokei lenyewe.

Basi leo nazungumzia kupanga. Siku mbili, tatu zikipatikana, za mwisho wa juma, mzazi na watoto wake, nje ya jiji, bila harusi na bila kilio. Na ili tusiongee hewani, nitachagua mahali pamoja ninapopapenda na kupafahamu: miteremko ya Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro.

Kwa nini Uluguru? Wengi watasema ni karibu, na kweli ni karibu. Kwa barabara ni kama kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Lakini sababu yangu kubwa ni maji. Unakumbuka Oktoba ya mwaka 2022, mvua zilipokawia na Mto Ruvu ukapungua hadi jiji zima likaingia kwenye mgawo? Watoto waliokuwa wadogo wakati ule bado wanakumbuka madumu yaliyopangwa koridoni na mama aliyeamka usiku kukinga maji yanapotoka. Wanakumbuka shida, ila wachache wameambiwa kwamba maji yale hutoka mlimani. Mitambo ya Ruvu Juu, pale Mlandizi, na ile ya Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, inachota mto mmoja, na mto huo unapata maji yake mengi Uluguru. Hata vile vijito vinavyoteremka kuelekea mji wa Morogoro safari yao ni hiyohiyo: Mto Morogoro unaingia Ngerengere, na Ngerengere inaingia Ruvu. Kwa hiyo mtoto wa Tabata akichovya mkono kwenye kijito kule juu, anashika maji ambayo siku si nyingi yanaweza kutoka kwenye bomba la nyumbani kwao. Mwambie hivyo akiwa amechuchumaa palepale, maji yakimgusa vidole. Kitabu cha jiografia hakitamfundisha kwa namna ile.

Sasa tupange.

Mpango wa safari ya familia uanzie kwa mtoto mdogo kuliko wote. Wazazi wengi huanza kwa mandhari: wameona picha nzuri ya maporomoko ya maji, wanataka kufika pale. Halafu wanajikuta wamembeba mgongoni mtoto wa miaka minne kwenye kilima, jua la saa saba likiwaka, na yule mkubwa wa miaka kumi na mbili amenuna kwa sababu safari imekuwa ya kusubiri. Anza na miguu ya yule mdogo. Anaweza kutembea muda gani bila kulia? Analala mchana? Anakula nini asubuhi, na huko mnakokwenda kitapatikana? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuchagulia pa kulala, njia ya kupita na saa ya kuondoka. Mtoto mkubwa utamtafutia kazi yake baadaye, na nitaifikia.

Tarehe. Masika, Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza na ukungu hufunga. Mimi singewapeleka watoto wadogo wakati huo. Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna baridi nzuri, na Juni shule zinakuwa zimefungwa. Zitazameni pia sikukuu zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu: Sabasaba, Nane Nane, Oktoba 14. Ila Nane Nane kumbukeni kwamba Morogoro ndiko maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki hufanyika, kwa hiyo mji hujaa na vyumba huwa adimu. Ukipenda watoto waone ng'ombe wa maziwa, mabwawa ya samaki na miche ya kila namna mahali pamoja, ni wiki nzuri sana. Ukitafuta utulivu, iache ipite.

Usafiri ni jambo lililobadilika kabisa, na kwangu limebadilisha hata aina ya familia zinazoweza kwenda. Zamani ilikuwa basi, au gari kama unalo, na barabara ile ya Chalinze yenye malori mengi ambayo dereva hapati nafasi ya kupumua. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwendo wake ni kama saa mbili. Nauli iliyopangwa mwaka huo na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa treni ya kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili analipa nusu, na wa chini ya miaka minne hatozwi. Fanyeni hesabu: baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi ni shilingi 39,000 kwenda, na 39,000 nyingine kurudi. Bila kuhesabu kwamba mzazi hashiki usukani. Anakaa na watoto wake, anawaonyesha dirishani, na akisinzia hakuna anayehatarishwa.

Na kuna la kuwaonyesha dirishani. Kwanza Pugu na mabonde yake, kisha Soga, kisha Ruvu. Hapo Ruvu waambie wakae tayari, kwa sababu treni inavuka mto. Waambie: huo ndio mto wenyewe, leo tunakwenda kuona unakoanzia. Kuanzia Ngerengere na kuendelea, milima inaanza kujitokeza upande wa kushoto, kwanza kama wingu la bluu, halafu inakaribia. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, ambako kilima kirefu ni cha Pugu, hunyamaza anapoiona. Kilele cha juu cha Uluguru kinapita mita 2,600, na mji wa Morogoro uko chini yake, kwenye mita 500 hivi.

Mambo mawili ya treni. Kata tiketi mapema, maana wikiendi na sikukuu viti huisha. La pili, panda treni ya asubuhi ya Jumamosi na uiache ile ya Ijumaa usiku. Najua wazazi wengi wanaona Ijumaa jioni ni kuokoa muda. Lakini watoto wanatoka shule wamechoka, mama anatoka kazini moja kwa moja, mnafika stesheni ya Morogoro, pale Kihonda, usiku, mnaanza kutafuta bajaji na watoto waliolala begani. Asubuhi yake wote wana kisirani. Asubuhi ya Jumamosi mnafika kabla ya joto, watoto wako macho, na siku nzima iko mbele yenu. Mtoto mwenye masomo ya ziada Jumamosi mwombee ruhusa wiki moja kabla, kwa kwenda mwenyewe kumwona mwalimu na kumweleza mnakokwenda. Walimu wengi hufurahi, na wengine watampa mtoto kazi ya kuandika akirudi.

Pa kulala. Morogoro mjini kuna hoteli na nyumba za kulala wageni za kila bei, na si vibaya usiku mmoja kulala hapo. Lakini kama lengo ni shamba, tafuteni mwenyeji kwenye mteremko wenyewe, nyumba ya familia inayopokea wageni. Tanzania ina utaratibu wa utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990, ambapo vijiji na vikundi vya wenyeji hupokea wageni, huwatembeza na kuwapikia, na Morogoro ni mojawapo ya miji yenye waongozaji wa kazi hiyo. Watanzania tumeuachia utaratibu huu wageni wa kutoka Ulaya kana kwamba haukutuhusu. Unatuhusu sana. Mzungu anakuja kujifunza kusonga ugali. Mtoto wetu anakula ugali kila siku na hajawahi kuona muhindi ukiwa shambani.

Unapopiga simu kwa mwenyeji au mwongozaji, usianze kuuliza mandhari. Uliza choo. Uliza maji ya kuoga yanapatikanaje na kama yatapashwa moto, kwa sababu usiku wa Juni kule juu ni baridi kali kwa mtoto aliyezoea joto la pwani. Uliza vitanda vingapi na vyandarua vingapi. Uliza gari linaishia wapi na kutoka hapo ni mwendo gani kwa miguu ya mtoto, maana mwenyeji wa mlimani akikwambia "hapo tu", hapo pake huenda ni saa nzima kwako. Uliza bei, chakula ndani, na mkubaliane kabisa kabla hamjaondoka nyumbani. Mwenyeji mzuri hachukii maswali hayo, humpa nafasi ya kujiandaa.

Msitu wenyewe, ule wa juu, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru tangu mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuingia kunahitaji kibali na mwongozaji. Lipa kwa utaratibu wa serikali, chukua risiti yako. Na mwongozaji usimwone kuwa mzigo wa gharama: ndiye atakayemwonyesha mtoto kinyonga mdogo kwenye jani, ambaye wewe ungempita mara kumi. Uluguru ina viumbe visivyopatikana kwingine popote duniani. Yuko ndege mmoja wa jamii ya chozi, mdogo, mwenye mdomo uliopinda wa kunyonyea maua, ambaye makao yake ni milima hii tu. Mwambie mtoto jambo hilo, kwamba ndege huyu Ulaya hayuko, Marekani hayuko, hata Kilimanjaro hayuko, yuko hapa kwetu. Utaona anavyomtafuta kwa macho.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona ndilo kubwa katika mpango wote. Panga jambo moja kwa siku. Moja. Jumamosi kijito na shamba. Jumapili matembezi mafupi ya asubuhi, kisha kurudi. Nasema hivi kwa sababu majaribu ni mengi. Mikumi iko kama kilomita 100 tu kutoka Morogoro, na kila mzazi akifika pale anasema: kwa nini tusipitie na kuona tembo? Mikumi ni hifadhi nzuri, inastahili safari yake yenyewe. Ukiitia kwenye wikiendi hii hii, utakachowapa watoto ni saa nyingi ndani ya gari. Vivyo hivyo Mgeta. Mgeta ni mahali pa kupendeza mno: matuta ya mboga yanapanda mlima kama ngazi, kabichi, karoti na njegere zinazolisha Dar es Salaam, na mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe, walioletwa na Chuo Kikuu cha Sokoine mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini barabara yake, kupitia Mzumbe, ina kona nyingi, na watoto hutapika. Mgeta inataka siku tatu kamili. Weka kwa sikukuu ndefu.

Hata Morningside, ile nyumba ya mawe waliyoijenga Wajerumani mlimani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, si lazima mfike. Mtu mzima huipanda kwa saa mbili hadi tatu. Watoto wa miaka kumi na zaidi wataiweza wakianza alfajiri. Mkiwa na wadogo, pandeni nusu, mkute kijito, mkae hapo. Nimeona familia nyingi zikirudi zimefurahi bila kufika juu, na kadhaa zikifika juu zikiwa zimegombana.

Jumamosi yenyewe sasa. Mmefika, mmekunywa chai, watoto wameamkia. Hili la kuamkia walizoeze nyumbani kabla ya safari, kwa sababu kijijini mtoto anayepita mbele ya mzee bila shikamoo anawapa wazazi wake jina baya. Baada ya chai, usiwapeleke mahali kutazama. Muombe mwenyeji awape kazi. Mtoto wa mjini anachokosa zaidi ni kazi yenye maana, na shamba linazo tele. Yule wa miaka minne atapukusa mahindi ya kuku na atafurahi mpaka jioni. Wa miaka saba atakwenda na mama mwenye nyumba kuchuma mboga, atafundishwa jani la kuchuma na jani la kuacha. Wa kumi na mbili apewe ndoo aende kijitoni na watoto wa pale. Atarudi nusu ya maji yamemwagikia mgongoni, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo itakayopikiwa chakula cha mchana. Akirudi nyumbani atafunga bomba mwenyewe bila kuambiwa.

Shambani watoto watauliza maswali, na mengine yatawashinda wazazi. Waacheni wenyeji wajibu. Mtoto akiuliza shamba hili ni la nani, huenda akajibiwa kwamba ni la ukoo wa mama, kwa sababu Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama na ardhi imefuata mkondo huo vizazi na vizazi. Kwa mtoto aliyezoea jina la baba kwenye kila fomu ya shule, hilo ni jambo la kutafakari. Akiuliza kwa nini mashamba mengine yana ngazi, mzee anaweza kumsimulia miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, kazi ikawa nzito na mavuno hafifu, na mwaka 1955 watu wakakataa na ghasia zikazuka upande wa Matombo. Historia ya nchi hii iko midomoni mwa watu waliokaa kwenye vigoda, inasubiri mtoto wa kuuliza.

Mchana wakishakula, msipange chochote. Nasisitiza, chochote. Wadogo walale. Wakubwa wataanza kulalamika kwamba hakuna cha kufanya, na mzazi atajisikia vibaya, atataka kutoa simu. Vumilia robo saa. Siku ya Jumamosi watoto wa jirani hawaendi shule, watajongea mmoja mmoja, watasimama mbali wakitazama. Halafu mmoja ataleta mpira wa makaratasi, au wasichana watachora mistari ya rede, na jua likipungua patakuwa na kombolela nyuma ya nyumba. Hapo mzazi kazi yako ni kukaa mbali. Watoto hawa, wa mjini na wa mlimani, hawahitaji kutambulishwa na wewe.

Naomba hapa niseme neno kwa ukali kidogo. Msiende na mifuko ya pipi kuwagawia watoto wa kijiji mkisimama kwenye mlango wa gari. Nia huwa njema, lakini mnawafundisha watoto wa pale kunyoosha mkono, na mnawafundisha wa kwenu kwamba wao ni wa kutoa na wale ni wa kupokea. Mkitaka kusaidia, nunueni. Nunueni ndizi, nunueni njegere, nunueni asali, kwa bei aliyotaja mwenye mali, bila kumkaba mkulima kwa shilingi mia tano ambayo mjini mnamwachia mhudumu wa hoteli. Mkiwa na madaftari na kalamu, mpeni mwalimu wa shule ya kijiji, yeye anajua nani hana. Na picha msipige watu bila kuwaomba, hata kama ni mtoto, muombeni mama yake.

Afya nitaipitia kwa haraka, ingawa ni ya lazima. Malaria ipo Morogoro, kwa hiyo chandarua kila usiku, hata pale mtakapoambiwa mbu hawapo. Kijito cha mlimani kinachokwenda kasi wanaweza kuchezea miguu chini ya macho ya mtu mzima. Mabwawa na maji yaliyotuama huko bondeni wasiingie, maana kichocho hukaa kwenye konokono wa maji kama hayo. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana meupe kama kioo. Bebeni chumvi za ORS, dawa ya homa mnayoijua, bandeji, na mwenye pumu asisahau kifaa chake cha kuvuta dawa, kwani baridi na moshi wa jikoni huamsha pumu. Kila mtoto awe na sweta, raba zilizokwisha kuvaliwa, kandambili, na tochi yake mwenyewe. Tochi ni ya muhimu kuliko mnavyodhani. Mtoto anayeogopa giza, ukimpa tochi aishike mwenyewe, ataweza kwenda chooni usiku bila kilio, na asubuhi atajisifu.

Usiku huo, kabla ya kulala, zimeni taa zote na mtoke nje kwa dakika chache. Jiji letu limewanyima watoto nyota. Kule juu, mwezi usipokuwepo, zinaonekana mpaka za mwisho, na chini kabisa taa za mji wa Morogoro. Mmoja atauliza kama Dar es Salaam inaonekana. Haionekani.

Jumapili asubuhi wenyeji wengi wa mlimani huenda kanisani, kwa hiyo msimpangie mwenyeji kazi ya kuwapikia saa tatu. Ulizeni jana yake. Familia ya Kikristo inaweza kwenda nao, na nyimbo za kwaya ya kijijini ni zawadi peke yake. Familia ya Kiislamu itatumia saa hizo kwa matembezi na mwongozaji, kabla jua halijapanda. Halafu chakula cha mchana mapema, kufunga mizigo bila kukimbizana, na kuteremka kwa wakati ili mfike stesheni saa nzima kabla ya treni.

Kuhusu fedha, andikeni kwenye karatasi kabla ya safari: nauli ya treni, bajaji au gari la kupanda na kushuka, malazi na chakula, kibali na mwongozaji, manunuzi, na akiba ya dharura ambayo haiguswi. Waonyesheni watoto wakubwa karatasi hiyo. Mpeni mmoja wao kiasi kidogo cha manunuzi, aamue mwenyewe anunue nini cha kupeleka nyumbani kwa bibi au jirani. Mtoto wa miaka kumi akishika fedha ya familia mbele ya muuza ndizi, akauliza bei, akahesabu chenji, anajifunza mambo ambayo wengine wetu tuliyajua tukiwa na miaka saba kwa kutumwa dukani.

Iko familia itakayosema haina uwezo hata wa safari hiyo. Basi kanuni ni zilezile kwa mahali pa karibu: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mashamba ya Kisarawe, rafiki mwenye kibanda na mihogo Mkuranga. Siku moja, kwenda na kurudi, chakula kwenye vyombo. Mtoto mdogo atangulie kwenye mpango, jambo liwe moja, kazi iwepo, mwenyeji alipwe. Wala sitaki mzazi anayelea peke yake aseme hili ni la wenye wake na waume. Nendeni wawili, wewe na jirani yako na watoto wenu, mgawane gharama na usingizi.

Na kwa wale wanaomiliki nyumba mlimani na wanaotaka kupokea familia za Kitanzania, nina ombi pia. Wekeni bei ya mtoto. Wekeni godoro la ziada. Jengeni choo chenye mlango unaofungwa na tundu ambalo mtoto haogopi kulichuchumalia. Familia ya Dar es Salaam ikipata hayo matatu itarudi mwaka ujao na itawaleta majirani zake.

Msikilizaji, Juni haiko mbali. Wiki hii kaeni mezani na watoto, chagueni tarehe, pigeni simu ya mwenyeji, na tiketi zikatwe kabla fedha haijapata matumizi mengine. Mkifika, mlipeni mwenyeji wenu siku ya kuondoka, mkononi, shilingi zote mlizokubaliana, watoto wakiona.